UZI: Nyimbo zinazotuambia "cheza" wakati moyo unauma, zinajua nini?

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna agizo limejaa kwenye mashairi ya pop: ukijisikia vibaya, cheza. Umeachwa, cheza. Hela imekwisha, cheza. Watu wanakusema, cheza. Upo mpweke, tafuta wa kucheza naye. Tumelisikia miaka mingi mpaka linapita masikioni kama halijasema kitu. Mimi naona limesema kitu kikubwa, na nimeleta uzi huu tuyasome mashairi yenyewe, tusiishie kwenye mdundo.

Hoja yangu naiweka wazi mapema ili anayetaka kunipinga aanze kujipanga. Moyo hauamriki, miguu inaamrika. Ukimwambia mtu mwenye majonzi "furahi", umemwomba kitu ambacho kwa wakati huo hana. Ukimwambia "simama, mguu wa kulia, wa kushoto", umemwomba kitu anachokiweza hata kama ndani amekauka kabisa. Nyimbo zinazosaidia kweli zinalijua hilo. Zinaanza kwa kukiri kwamba hali ni mbaya, tena zinataja ubaya wenyewe ni upi, kisha zinauomba mwili peke yake. Zile zinazoruka hatua ya kwanza na kuanza na "tabasamu, maisha matamu" ndizo zinazomfanya mwenye huzuni azime redio.

Nianze mbali. Mwaka 1936 Irving Berlin aliandika "Let's Face the Music and Dance" kwa ajili ya filamu ya Follow the Fleet. Marekani ilikuwa bado kwenye mdororo mkubwa wa uchumi. Wimbo unaanza kwa noti za maina, zile zenye kivuli cha huzuni, na jambo la kwanza unalosema ni kwamba huenda shida zinakuja. Kisha unasema tucheze sasa, kabla wapiga muziki hawajakimbia na kabla hatujaletewa bili. Angalieni onyesho lenyewe kwenye filamu. Fred Astaire ni mcheza kamari aliyepoteza kila kitu na amekata tamaa ya kuishi. Anatoka nje, anamkuta mwanamke, Ginger Rogers, naye yupo ukingoni kwa maana zote mbili. Anamvuta arudi. Hamwambii neno la faraja. Anamwonyesha bastola aliyokuwa nayo na pochi lake tupu, vyote vinatupwa, ndipo wanaanza kucheza, taratibu mno, kama watu wanaojifunza kutembea upya. Hela hazirudi. Hakuna tatizo lililotatuliwa hadi wimbo unaisha. Ila watu wawili waliokuwa kila mmoja na lake sasa wanahesabu hatua kwa pamoja.

Sasa rukeni hadi 2009. Stromae, kijana wa Ubelgiji, anatoa "Alors on danse". Huu kwangu ndio wimbo mkweli kuliko yote ya aina hii, na naomba mnivumilie niuchambue pole pole.

Beti zake ni mnyororo. Masomo yanazaa kazi, kazi inazaa hela, hela inazaa matumizi, mkopo unazaa deni, deni linamleta mtu wa kukamata mali. Mapenzi yanazaa watoto, "milele" inaishia kwenye talaka, kuwa na ndugu kunaishia kwenye msiba kwa sababu matatizo hayaji peke yake. Mtiririko huu wote anautamka kwa sauti bapa, ya mtu aliyechoka, hapandishi wala hashushi. Ndipo anasema watu wanatoka usiku wasahau, na kiitikio kinaingia: basi, tucheze. Hakuna shangwe. Ni neno la mtu aliyemaliza hesabu na kuona hakuna jibu jingine.

Watunzi wengi wangeishia hapo. Yeye anarudi na ubeti mwingine: unajiambia sasa yamekwisha, maana kibaya zaidi ya haya ni kifo, na hapo hapo unagundua kumbe bado yapo. Kitu kinakushika tumbo, kinakushika kichwa, unaomba kikome, na anakukumbusha kwamba huo ni mwili wako, siyo mbingu. Wimbo unapomalizika anasema bado yapo mengine. Yaani anakiri kuwa dawa haikuponyesha, na watu walicheza wimbo huo Ulaya nzima, ukashika namba moja nchi kadhaa.

Kwa nini watu walicheza wimbo unaowaambia kwamba kucheza hakutoshi? Naamini ni kwa sababu haukuwadanganya. Naomba michango yenu, hasa mnaoona nimekosea.

#2 Nyuzi Sita

Mkuu umeandika vizuri, ila nina pingamizi. "Happy" ya Pharrell Williams. Ule wimbo hauna msiba, hauna deni, hauna talaka. Ni furaha mwanzo mwisho, na dunia nzima ilicheza, watu wakarekodi video zao kila kona. Kwa hoja yako huo wimbo ulitakiwa kuwaudhi wenye huzuni. Haukuwaudhi.

Na kingine, "Can't Stop the Feeling!" ya Justin Timberlake ya 2016. Nayo ni jua tupu.

#3 Mwanzisha uzi

Nyuzi Sita, pingamizi zuri sana, na nimelifurahia kwa sababu "Happy" ukiisoma vizuri inanisaidia mimi.

Angalia kiitikio chake. Hakikuambii uwe na furaha. Kinakuambia piga makofi ikiwa unakubaliana na anachosema kuhusu furaha. Agizo limeenda kwenye viganja, moyo umeachiwa uhuru wake. Halafu ubeti wa pili unaanza na habari mbaya zinazokuja zikibwabwaja hiki na kile, naye anazijibu zilete zote zilizonazo. Kwa hiyo habari mbaya zipo, amezipa mstari mfupi tu. Na muziki wenyewe umejengwa kwenye maina, kwa kasi ya mapigo 160 kwa dakika. Kivuli kipo chini ya jua.

Timberlake nakuachia. Ule wimbo naupenda nikiwa tayari nimechangamka, nikiwa chini haunigusi, na sidhani kama uliandikwa kwa ajili ya mtu aliye chini.

#4 mtu_wa_besi

Niongezee upande wa studio, kwa sababu mashairi hayafanyi kazi peke yake na watu wa mashairi huwa mnatusahau.

Mwanzisha uzi anasema wimbo mzuri unakiri kwanza halafu unaomba mwili. Hilo linatengenezwa kwa ngoma. Kwenye ubeti prodyuza anazuia kiki, ile ngoma nzito ya chini inayopiga mapigo. Anaacha kinanda, labda gitaa, sauti ipo karibu na sikio kama mtu anakunong'oneza siri yake. Ngoma ikija kwenye kiitikio, unahisi ardhi imerudi chini ya miguu yako. Chukueni "I Will Survive" ya Gloria Gaynor, 1978. Inafunguka kwa kinanda kimoja chenye mbwembwe, kisha anaimba bila mdundo kwamba mwanzo aliogopa, aliganda. Ni mtu amesimama palepale. Mdundo unaingia pale hadithi yake inapoanza kugeuka. Mwili wa msikilizaji unaganda naye na unaachiwa naye.

Na historia ya wimbo huo wengi hawaijui. Gaynor alikuwa ameanguka jukwaani, akaumia mgongo, akafanyiwa upasuaji. Aliurekodi akiwa amefungwa mkanda wa kushikilia mgongo. Kampuni ikauweka upande wa pili wa santuri, upande ambao madiijei hawakutarajiwa kuupiga. Madiijei wakaigeuza santuri wenyewe.

Mfano mwingine ni "Stayin' Alive" ya Bee Gees, 1977. Watu wanaukumbuka kwa mwendo wa mabega kwenye filamu ya Saturday Night Fever, ila mashairi yana mtu anayesema hana anakokwenda na anaomba asaidiwe. Mpiga ngoma wao alikuwa ameondoka kwa matatizo ya kifamilia, kwa hiyo wakakata kipande kifupi cha ngoma kutoka "Night Fever", wakaunganisha utepe uzunguke bila kukoma. Ndiyo maana ngoma ile haitetereki kabisa, haina binadamu anayechoka. Kasi yake ni kama mapigo 103 kwa dakika, na hiyo ndiyo sababu wakufunzi wa huduma ya kwanza wanaitumia kufundishia kubonyeza kifua cha mtu ambaye moyo umesimama, kwani kinachotakiwa ni kati ya 100 na 120. Sijui kama kuna wimbo mwingine umelitendea haki jina lake kiasi hicho.

Kuhusu besi: watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha mwaka 2022 jaribio walilofanya kwenye onyesho halisi la muziki wa elektroniki. Walikuwa wanawasha na kuzima spika za besi ya chini sana, ile ambayo sikio haliisikii. Watu hawakujua ipo lini na haipo lini, lakini ilipowashwa miendo yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 11.8. Mwili ulijibu kitu ambacho akili haikukisikia. Sasa hapo mwanzisha uzi ndipo naungana na wewe kabisa kwamba mlango wa kuingilia ni mwili.

#5 Kimyakimya

Mimi huwa nasoma tu siandiki, leo nimeshindwa kukaa kimya.

Nimewahi kupita kipindi kirefu cha huzuni, ile ambayo hata kuoga ni kazi. Watu wenye nia njema walikuwa wananitumia nyimbo za "cheza utasahau". Nilikuwa najisikia vibaya zaidi, kwa sababu kila wimbo ulikuwa unanikumbusha kwamba kuna sherehe mahali na mimi sipo. Nyimbo nyingi hizi zina klabu, taa, marafiki, mavazi. Aliye chini hana hivyo vyote.

Wimbo pekee ulionifaa ulikuwa "Dancing On My Own" ya Robyn. Mle ndani hakuna aliyepona. Yupo kwenye kona, anamtazama aliyekuwa wake akimbusu mwingine, na anacheza peke yake. Nilikuwa naucheza chumbani taa zimezimwa, nimesimama palepale, mabega tu. Sikutoka na furaha. Nilitoka nimechoka kwa namna nyingine, uchovu wa mwili badala ya ule wa kichwa, na usiku huo nililala. Kwa kipindi kile, kulala lilikuwa jambo kubwa.

#6 Mwanzisha uzi

Kimyakimya, asante kwa kuandika. Mchango wako umenifanya niusome upya ule wimbo.

Robyn aliutoa 2010, na maajabu yake ni kwamba mdundo haupungui hata kidogo anapoumia. Besi ile inayonguruma kama mashine haimhurumii. Mwimbaji analia na ngoma inaendelea na kazi yake, yeye anachagua kuifuata. Kama mtunzi angeweka ngoma laini ya kumbembeleza, wimbo ungekuwa wa kujionea huruma. Na kwenye mashairi hajiambii kesho itakuwa nzuri. Anasema tu kile anachofanya sasa hivi: yupo hapa, anacheza peke yake.

Uweke kando ya Whitney Houston, "I Wanna Dance with Somebody" ya 1987. Sauti yake inaruka, tarumbeta zinameta, kila mtu anauchukulia wimbo wa sherehe. Somo la mashairi ni upweke. Saa inasonga, jua linazama, mchana alimudu, usiku ukiingia upweke unaita. Na jina la wimbo lina mabano ambayo watu huyasahau: siyo kucheza na yeyote, ni kucheza na mtu anayenipenda. Anaomba kitu ambacho klabu haiuzi. Robyn anacheza na hapati, Whitney anaomba na hatuambiwi kama alipata. Nyimbo hizi mbili zilizochezwa kuliko idadi ninayoweza kuitaja hazina mtu aliyepona mle ndani, na nadhani ndiyo maana aliyevunjika moyo anaziamini.

#7 Daftari la Nyimbo

Naona mjadala unaegemea hisia. Tulete na utafiti, maana swali la msingi ni kama dawa hii ipo au ni maneno ya watunzi.

Mwaka 2007 nchini Ujerumani walichukua wagonjwa 31 wenye sonona wakawagawa makundi matatu. Kundi moja walicheza ngoma ya duara yenye mdundo wa kuchangamsha. La pili walisikiliza muziki uleule wakiwa wamekaa. La tatu waliendesha baiskeli ya mazoezi bila muziki. Kipindi kimoja tu. Waliocheza ndio walitoka na nafuu kubwa zaidi. Hapo kuna jambo la kutafakari: muziki peke yake haukutosha, na mazoezi peke yake hayakutosha.

Bado msikimbilie kutangaza ushindi. Mwaka 2015 Cochrane, hawa wanaopitia tafiti zote za jambo moja, waliangalia tiba ya kucheza kwa sonona wakapata tafiti tatu tu zenye ubora wa kuingizwa, jumla ya watu 147, wakasema haitoshi kutoa hukumu. Kisha 2024 jarida la kitabibu la BMJ likachapisha uchambuzi wa tafiti 218 kuhusu mazoezi na sonona, zaidi ya watu 14,000. Kwenye orodha yao kucheza ndiko kulikoonyesha matokeo makubwa kuliko aina nyingine, kutembea na kukimbia, yoga, kuinua vyuma. Waandishi wenyewe walionya kwamba tafiti za kucheza zilikuwa chache na ndogo, kwa hiyo namba hiyo ishikwe kwa tahadhari.

Kuna na hili la kucheza pamoja. Mwaka 2015 timu ya Chuo Kikuu cha Oxford iliwafanyia jaribio wanafunzi wa sekondari nchini Brazili. Waliocheza hatua zilezile kwa wakati mmoja waliongezeka uvumilivu wa maumivu, kipimo kikiwa ule mkanda wa kupimia presha unaobana mkono, na walijihisi kuwa karibu zaidi na wenzao. Waliocheza kwa nguvu nao walipata uvumilivu huo. Nguvu ina mchango wake na kwenda pamoja kuna mchango wake, kila kimoja peke yake. Kwa hiyo Kimyakimya chumbani kwake alikuwa anapata nusu ya dawa, na nusu si haba.

Mwisho, hili lilinishangaza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walichambua nyimbo 500,000 zilizotoka Uingereza kati ya 1985 na 2015. Furaha ilikuwa inashuka mwaka hadi mwaka, huzuni inapanda. Wakati huohuo, kipimo cha jinsi wimbo unavyochezeka kilikuwa kinapanda. Muziki umezidi kuhuzunika na umezidi kuchezeka kwa pamoja.

#8 Kigoda cha Nyuma

Samahani wakuu, nataka nitie maji baridi kidogo kwa nia njema.

Mnaizungumzia dawa bila kutaja kipimo. Kucheza kunaweza kuwa njia ya kukimbia, na watunzi wakubwa wamelisema hilo. "Boogie Wonderland" ya Earth, Wind & Fire na The Emotions, 1979, inapigwa kwenye kila harusi. Someni maneno yake. Walioyaandika, Allee Willis na Jon Lind, walianzia kwenye filamu ya mwanamke anayetafuta nafuu kwenye kumbi za usiku na mwisho wake ukawa mbaya. Mle ndani kuna watu wanaohitaji zaidi ya wanachopata, kuna kioo kinachokutazama kikikuambia ukweli wako, kuna kucheza ili kuutikisa uchungu utoke. Huo si uponyaji.

David Bowie kwenye "Let's Dance" ya 1983 anamwambia mpenzi wake avae viatu vyekundu wacheze huzuni. Kwa anayejua hadithi ya viatu vyekundu aliyoandika Hans Christian Andersen mwaka 1845, msichana anavaa viatu vinavyokataa kusimama, anacheza usiku na mchana hadi anaomba akatwe miguu. Siwezi kusema Bowie alikusudia hilo, ila picha ipo pale.

Na bendi ya disko ya Chic. Wimbo wao wa 1977 wenye jina la "Dance" mara tatu unachukua kelele za watangazaji wa mashindano ya kucheza ya miaka ya 1920 na 1930 huko Marekani, ambapo watu wasio na kitu walicheza siku nyingi mfululizo, wengine wakilala wima mabegani mwa wenzao, ili wapate chakula na pengine zawadi. Hapo kucheza kuliitwa burudani na aliyekuwa anaburudika ni mtazamaji.

Naomba mwanzisha uzi ujibu: wimbo unaoamuru miguu utajuaje wakati wa kuiachia?

#9 Mwanzisha uzi

Kigoda, hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa na sitalizunguka.

Wimbo haujui. Ila una kitu kimoja ambacho viatu vya Andersen havina: unaisha. Dakika tatu, nne, tano. Ukiisha unarudi ulipokuwa, na mashairi mazuri yanakuandaa kwa hilo. Ndiyo maana nilimpenda Stromae anapomaliza kwa kusema bado yapo. Anakushusha chini akiwa amekushika mkono. Linganisha na "Just Dance" ya Lady Gaga, 2008. Mle mtu amelewa, simu haioni, funguo hazioni, hata jina la ukumbi limemtoka, na anaambiwa cheza tu, itakuwa sawa. Ni wimbo uliopangwa vizuri na nilikuwa nauchangamkia kama wengine, ulishika namba moja Marekani Januari 2009 uchumi ukiwa umelala chali. Lakini neno "itakuwa sawa" ni ahadi, na mtunzi hana uwezo wa kuitimiza. Huyu dada kwenye wimbo anahitaji maji ya kunywa na mtu wa kumrudisha nyumbani.

Kwa hiyo naipunguza hoja yangu kidogo. Wimbo wa kweli unakiri ubaya, unaomba mwili, na hauahidi kinachofuata. Hii ya tatu sikuiandika mwanzo na wewe ndiye uliyenifikisha.

Na OutKast walishalisema jambo lako kwa ukali zaidi. "Hey Ya!" ya 2003 inazungumzia watu wanaokaa kwenye mapenzi yaliyokufa kwa kuogopa upweke. Katikati ya wimbo André 3000 anauliza kwa nini tunang'ang'ania kitu tusichokifurahia, halafu anasema wazi kwamba nyie hamtaki kunisikia, mnataka kucheza. Tukaendelea kucheza. Ule mstari unaniuma hadi leo kila ninapousikia ukumbini, kwa sababu anatusihi kabisa.

#10 Nyuzi Sita

Nimerudi, na safari hii naunga mkono.

"Jerusalema" ya Master KG na Nomcebo Zikode. Ilitoka 2019, na mwaka 2020 kundi la vijana wa Angola likajirekodi likiicheza na sahani za chakula mkononi, dunia ikaiga. Madaktari na manesi waliicheza kwenye vibaraza vya hospitali wakati wa korona, watawa waliicheza, mwezi wa tisa Rais Ramaphosa akawaomba Waafrika Kusini wote waicheze Siku ya Urithi. Wengi hawakujua Kizulu. Mashairi ni sala: Jerusalem ndiyo nyumbani kwangu, niokoe, tembea nami, usiniache hapa, mahali pangu si hapa. Ni mtu aliyechoka na dunia anaomba kuvushwa. Na hakuna neno "cheza" hata moja.

Miguu iliisikia sala kabla ya masikio. Na mtu_wa_besi atanisahihisha, lakini rumba la Kongo limejengwa hivyo tangu zamani: nusu ya kwanza mwimbaji anatoa kilio chake chote, kaachwa, kasalitiwa, kafiwa, pole pole, watu wanasikiliza. Kisha magitaa yanapanda, sebene inaingia, maneno yanakwisha na watu wanasimama. Kilio kimepewa muda wake kamili kwanza. Hakikatwi katikati.

#11 mtu_wa_besi

Huna cha kusahihishwa mkuu. Nitaongeza tu kwamba kwenye sebene nzuri gitaa la solo mara nyingi linachukua kipande kifupi na kukirudia kwa mabadiliko madogo madogo. Akili inapata kitu kidogo cha kushika badala ya yale mawazo inayoyazungusha. Mwenye msongo wa mawazo anajua mawazo yanavyojirudia kichwani. Sebene inaweka marudio mengine mahali pake.

#12 Kimyakimya

Nimesoma yote, asanteni kwa kunipokea. Nina swali la vitendo. Nina ndugu yangu yupo kwenye hali niliyokuwa nayo mimi, pengine zaidi. Nikitaka kumwandalia nyimbo nizipange vipi? Sitaki nimfanyie kile nilichofanyiwa.

#13 Mwanzisha uzi

Kimyakimya, kwanza hili: kama hali yake imefika mahali hapati usingizi, hataki kula, anaongelea kufa, au wiki zinapita bila nafuu, mtu wa kwanza ni daktari au mshauri nasaha. Nyimbo zije pembeni ya hilo, zisije badala yake. Tiba ya kucheza yenyewe ilikulia hospitalini. Marian Chace alianza kufanya kazi na wagonjwa wa akili katika hospitali ya St. Elizabeths, Washington, mwaka 1942, akiwa miongoni mwa wauguzi na madaktari, na mwaka 1966 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha taaluma hiyo. Chace alikuwa anaanza kwa kufuata mwendo wa mgonjwa mwenyewe. Aliyekuwa anayumba, naye aliyumba. Aliyekuwa ameinama, naye aliinama. Hakumwanzishia mgonjwa hatua za furaha.

Miaka hiyohiyo ya 1940 daktari wa akili Ira Altshuler alikuwa anasema kitu kinachofanana na hicho kwa upande wa muziki: anza na muziki unaolingana na hali ya mgonjwa, halafu ubadilishe pole pole kuelekea unakotaka afike. Ndiyo ubeti na kiitikio, ndiyo kilio na sebene.

Kwa hiyo usianze na "Happy". Anza na wimbo mzito, taratibu, ambao ndugu yako akiusikia atasema huyu ananijua. Hata usio wa kucheza. Wa pili uwe na huzuni ileile lakini una mapigo yanayosikika. Robyn ungemweka katikati. Ariana Grande "No Tears Left to Cry" ningeiweka baada ya hapo: aliitoa Aprili 2018, chini ya mwaka mmoja tangu shambulio kwenye onyesho lake huko Manchester lililoua watu 22, na inaanza pole pole kama wimbo wa kanisani kabla ngoma haijaingia na kuuinua. Mashairi yake hayataji tukio. Yanasema machozi yamekwisha, na anataka kuinuka. Kwa nilivyolisoma mimi, machozi yamekwisha kwa sababu yameshatiririka yote.

Usimwambie acheze. Kaa naye chumba kimoja, weka muziki kwa sauti ambayo besi inafika sakafuni, na wewe uanze kusogeza mabega. Akibaki amekaa, mwache akae, wimbo uendelee. Akisogeza kidole kwenye goti, umeshafika mbali, na usimshangilie. Nusu saa inatosha kwa siku ya kwanza.

#14 Kimyakimya

Nimeelewa. Kesho naenda kwake. Huo wimbo mzito wa kwanza nitamuuliza yeye anachagua upi.